Mkulavetti Usio na Mtoto

Mti wa pili wa mkulavetti ulianguka mchana kweupe, bila upepo, nikiwa nakuna nazi jikoni. Nilisikia kunguru wakiruka wote kwa pamoja, halafu mlio kama wa mtu anayerarua kitambaa kipya, halafu kishindo cha maji. Nilipofika kichakani niliukuta umelala ndani ya kinamasi, mizizi juu, na majani yake bado mabichi yakielea kama hayajapata habari.

Kaka yangu Achuthan alikuja nyuma yangu, msuli ameukunja hadi magotini.

"Usiuguse," akasema.

"Nani kasema nitaugusa?"

"Nakujua wewe. Mkono wako hautulii."

Hatukuugusa. Kichaka kile ni cha Wenyewe, yaani nyoka watukufu wa ukoo wetu, na sharti lake ni moja: cha kichakani hakitoki kichakani. Haitoki kuni, halitoki jani, halitoki hata tunda lililoanguka. Mti ukianguka, unaoza pale pale. Kaka ndiye mkubwa wa ukoo upande wa mama, kwa hiyo yeye ndiye mlinzi wa sharti hilo, na amelilinda tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mti wa kwanza ulianguka masika yaliyotangulia. Sasa ulibaki mmoja, ule mkubwa, ulioinamia mawe manne ya Wenyewe.

Kazi yangu mimi ilikuwa kufagia.

Binti yangu Sudha alipokuwa na miaka mitano alishikwa na homa ya kichwa. Siku tatu hakufungua macho. Nikaenda kichakani na nguo zangu za jikoni, nikaanguka mbele ya yale mawe, nikasema: mtoto akipona, nitawafagilia nyumba yenu kila asubuhi kwa mikono yangu, mpaka mikono itakapokataa. Siku ya nne Sudha akafungua macho akaomba ndizi ya kukaanga. Leo ni muuguzi Sharjah, ana mume na watoto wawili, na mimi tangu siku ile sikukosa asubuhi hata moja. Naoga bwawani, nashika ufagio wangu wa chelewa, nafagia.

Mama yangu naye alikuwa akifagia, lakini kipande kidogo tu mbele ya mawe, kiasi cha mkeka mmoja, pa kuweka taa. Mimi niliona haba kwa Wenyewe walionirudishia mtoto. Nilifagia chote, ukuta hadi ukuta, katikati ya mizizi, kila mahali ambapo maji yaliacha ardhi. Na kwa kuwa taka hazitoki, nilizirundika kwenye pembe ya chini, pale maji yanapopita chini ya ukuta wa mawe mekundu kwenda kwa jirani. Watu walinisifu. Walisema kichaka cha kina Malukutty, ndiye mimi, kinang'aa kama ukumbi wa harusi. Nami nilikuwa naona raha kusifiwa, sitaficha.

Majuma mawili baada ya mti kuanguka akaja msichana mmoja anaitwa Shaini, kutoka chuo kimoja cha mji wa Thrissur, anayesomea miti. Nilimpenda kabla hajasema neno, maana alivua viatu mbali kabisa, nje ya ukuta, bila kuambiwa. Nikamkaribisha chai barazani. Akanywa yote, akashukuru, akaosha glasi mwenyewe. Nilipokuja kunywa yangu ndipo nilipogundua kwamba sikutia sukari hata chembe.

"Bibi," akaniuliza tulipokuwa kichakani, "watoto wako wapi?"

"Sharjah," nikasema. "Ni mmoja tu."

Akacheka, mkono mdomoni. "Samahani bibi. Watoto wa mti."

Nikatazama chini. Ardhi ilikuwa safi kama uso wa sahani. Nimeishi na mti ule miaka sabini na mmoja. Nilijua maua yake meupe yanavyonuka mwezi wa nne, nilijua matunda yake madogo mekundu yanavyoiva mpaka yanakuwa meusi, nilijua popo wake. Lakini swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani hata siku moja. Kweli, watoto wako wapi?

Shaini aliniambia kwamba miti ya aina hii iliyobaki inahesabika, na karibu yote imo katika vinamasi vya nchi yetu ya chini, vichache sana ambavyo havijafukiwa kwa mashamba ya mpunga na minazi. Akaligonga lile shina kwa kiganja. Likatoa sauti ya mtungi mtupu. Upande wa nyuma, uyoga mgumu ulikuwa umejipanga kama ngazi.

"Mti huu una muda gani?" nikamuuliza.

"Labda miaka mitano, bibi. Labda masika moja."

"Na ukianguka kabla ya kuacha mtoto?"

Aliukunja mgongo akaanza kutafuta chini tena, mahali ambapo alikwishatafuta.

Kabla ya kuondoka alimwomba kaka ruhusa ya kuchukua konzi moja ya matunda yakishaiva, akayapande chuoni. Alieleza vizuri, kwa adabu. Mbegu yake, alisema, haivumilii kukauka. Ikikaa juani siku chache imekufa.

"Hapana, mwanangu," kaka akasema.

"Hata kumi tu, babu?"

"Hata moja. Si mimi ninayekataa. Mimi nimewekwa tu hapa kukataa."

Halafu akaenda kumwangushia madafu mawili, akayachonga mwenyewe. Kaka yangu akikunyima jambo moja lazima akupe jingine, hajiwezi.

Tangu siku ile ikawa kila asubuhi, kabla ya kufagia, nachuchumaa na miwani yangu na kutafuta. Nilitaka nione mtoto mmoja tu wa mti ule kabla haujalala. Sikujua kwa nini jambo hilo lilinishika hivyo. Nilikuwa naamka nalo, napika nalo. Nilitazama matunda yakiiva, nilitazama popo wakila na kutema, nilitazama mbegu zikianguka kwa mamia. Kisha nasimama, nashika ufagio, nafagia. Jioni nawasha taa. Kesho yake natafuta tena, na ardhi safi.

Mtu anaweza kusimama juu ya jibu miezi miwili asilione.

Ilikuwa katikati ya masika, asubuhi ya manyunyu, nilipoanza kujiuliza mbegu zenyewe huenda wapi. Si zilianguka? Nikalifuata rundo langu la taka pale pembeni, nikalichokoa kwa kijiti. Juu yalikuwa majani. Chini kidogo palikuwa na joto, mvuke mwembamba ukitoka. Na humo ndani, mbegu. Nyingi. Zilizopasuka, zilizotoa uzi mweupe, zilizotoa shingo ya kijani iliyokunjika, na zote zimelainika, zimeiva kwa lile joto kama wali. Nyingine zilikuwa miche kabisa, urefu wa kidole, imekatika shingo kwa chelewa zangu.

Nilikaa chini kwenye tope. Nikahesabu miaka: thelathini na mmoja. Kila asubuhi.

Sikulia. Nadhani nilikuwa na haya mno kulia. Nilikaa nikitazama maji yanavyopita chini ya rundo, na ndipo nikaona mbegu moja ikijitoa, ikazunguka kidogo, ikaingia kwenye tundu la ukuta ikapotea. Baada yake nyingine.

Nikainuka nikazunguka kwa nje kwenda kwa Biyyathu.

Biyyathu ni jirani yangu tangu tulipoolewa mwaka mmoja, mimi kwa taa na yeye kwa mahari, kama anavyopenda kusema. Ni mjane, anasokota kamba za usumba, na shimo lake la kuozeshea makumbi ya nazi liko upande wa pili wa ukuta ule ule, linapokea maji ya kichakani. Nilimkuta amezama magotini, anageuza makumbi.

"Biyya, kwenye shimo lako huwa kunaota vitu?"

"Kunaota harufu. Hujaisikia miaka yote hii?"

"Sifanyi mzaha. Miche. Kama ya mzambarau."

"Aa, hiyo! Kila mwaka, pembeni hapo penye tope laini. Mbuzi wangu anaipenda sana."

Nikashika ukuta. "Unampa mbuzi?"

"Sasa nimpe nani, marehemu mume wangu?" Akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Malu, una nini? Njoo ukae. Umelowa."

Akanivika taulo lake mabegani, akanipa maji ya moto yenye bizari ya pilau, ndipo nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake si rahisi. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Mmoja niliuhurumia," akasema. "Nikasema utanizalia zambarau za wajukuu. Huu ni mwaka wa tisa, hata ua halijatoka. Wajukuu wanauita mzambarau bubu."

Ulikuwa mti mwembamba, ulionyooka, mrefu kupita paa. Kamba ya nguo ilifungwa shinani, na juu yake msuli wa kitoto ulikuwa unaning'inia. Shaini alikuwa amenifundisha kwamba miti hii miwili ni ndugu, ila kijiti kichanga cha mzambarau ni mviringo, cha mkulavetti kina pembe nne. Nikavuta tawi, nikafumba macho, nikalipitisha kati ya vidole polepole. Pembe moja. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa naogopa kuitafuta ya nne.

Ilikuwepo.

"Ni wenyewe?" Biyyathu akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni wenyewe."

"Na mimi miaka yote nimekausha juu yake chupi!"

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha tukashuka shimoni, tukachungulia kwenye tope laini pembeni, na tukakuta miche ya mwaka ule, ambayo mbuzi alikuwa bado hajaifikia: kumi na saba. Majani yake ya juu yalikuwa mekundu kama midomo ya mla tambuu.

Nilimwogopa kaka. Nilimwambia wakati anakula, wali umemjaa mdomoni, nikidhani hataweza kupiga kelele. Nilimwambia habari ya maji na ya shimo. Ya ufagio niliiacha.

Kaka akaweka mkono chini. "Cha kichakani kipo kwa Biyyathu?"

"Kumi na saba. Na mmoja mkubwa."

"Nje?"

"Nje, kaka. Maji yameitoa."

Sikuwahi kumwona anaacha wali. Aliinuka, akanawa, akavaa shati, yeye ambaye nyumbani havai shati ila kwa msiba, akaenda kusimama ukutani.

"Biyyathu! Kuna mali ya Wenyewe kwako."

"Sijaiba kitu, Achuthan."

"Sijasema umeiba. Nasema lazima irudi."

"Yote?"

"Yote."

"Na ile iliyoko tumboni mwa mbuzi?"

Kaka akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli. "Hiyo," akasema, "itasamehewa."

"Na huu mkubwa? Huu una kamba yangu ya nguo."

Kaka akauinulia macho ule mti, kutoka shinani hadi kileleni, akakohoa, akaangalia pembeni. Nikampigia simu Shaini pale pale. Alisema kwa sauti kubwa, maana hata kaka alisikia simu ikiwa sikioni kwangu: mti wa miaka tisa ukihamishwa utakufa. Kaka akaenda nyumbani akarudi na konzi ya unga wa manjano, ule wa kuwatukuzia Wenyewe, akaunyunyiza chini ya ule mti, upande wa pili wa ukuta, kwa Biyyathu, kwenye povu la sabuni.

"Basi hapa napo ni pa Wenyewe," akasema. "Asiukate mtu."

"Aukate nani? Nguo zangu nitaanika kichwani kwako?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba sharti lile lile lililomnyima Shaini mbegu, ndilo lililorudisha miche. Shaini alikuja kesho yake kwa basi la kwanza. Tuliing'oa miche pamoja na tope lake, mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya kifuu cha nazi, tukaipanda kichakani kuuzunguka mti mama. Kaka alisimama mlangoni akihesabu kila kifuu kinachoingia, na vifuu akahakikisha vinabaki humo humo.

Tulipomaliza Shaini alibonyeza ardhi kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu kama sakafu ya baraza.

"Bibi, miche hii inataka blanketi la majani," akasema. "Majani yaanguke, yalale, yaoze. Yashike maji. Ardhi ikiachwa wazi hivi, mvua ikikatika siku tano tu, jua litaipika." Ufagio wangu ulikuwa umeegemea ukutani, hatua mbili kutoka kwake. Aliuona, kwa kuwa macho yake yalifika pale yakarudi haraka, na hakuuliza unatumiwa na nani. Alianza kunieleza habari za mama yake. Nimekutana na watu wengi wenye elimu, wachache wanajua mahali pa kunyamaza.

Kwa hiyo nilijua. Hakuna aliyenificha. Na asubuhi iliyofuata nilioga, nikashika ufagio, nikafagia.

Nilifagia kwa uangalifu, nikiuzunguka kila mche kama anayefagia chumba chenye watoto wamelala. Lakini nilifagia. Nifanyeje? Sudha alinunuliwa kwa ufagio ule. Ningeacha vipi, nimwambie nani kwamba mti umeniingia moyoni kuliko mtoto? Usiku nilikuwa nasema, nitaacha. Asubuhi nakumbuka macho yale yaliyofungwa siku tatu, mkono unaenda wenyewe.

Mvua ikakatika. Siku ya sita mche mmoja ukalegea, ukalala. Siku ya tisa ilikuwa mitano. Nilibaki na kumi na miwili, na chini ya kila mmoja ardhi imepasuka kama kisigino.

Nikamweleza kaka yote, na ya ufagio. Nilidhani atanifokea. Aliutazama mgongo wa mkono wake.

"Nadhiri ni nadhiri," akasema mwishowe. "Siwezi kukufungulia, Malu. Ningekuwa na uwezo ningekufungulia." Kisha akasema, "Mwite Kotha."

Kotha ni yule mama ambaye ukoo wake ndio umewaimbia Wenyewe tangu zamani, kwa zeze na kwa chungu chenye uzi. Yeye ndiye aliyemwimbia Sudha alipozaliwa. Anakaribia miaka themanini, jicho moja limeingia ukungu. Alikuja kwa miguu, mjukuu wake akimbebea chungu, nikamweka barazani nikampa mihogo na mchuzi wa samaki, akala kwanza, kwa sababu Kotha hasikilizi shida akiwa na njaa. Halafu nikamweleza.

Alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka kikohozi kikamshika, nikampiga mgongo.

"Dada Kotha, mimi nakueleza msiba wangu!"

"Ngoja, ngoja." Akajifuta jicho. "Mara ya mwisho kumwona nyoka kichakani kwenu ilikuwa lini?"

Nikafikiri. "Sudha alikuwa darasa la pili."

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Nyoka gani analala sakafuni, Malu? Hebu nitajie mmoja. Uliwaahidi kuwafagilia nyumba, ukawafagilia godoro, ukawafagilia shuka, ukawafagilia na pazia! Ukawaacha watukufu wa watu uchi, wakahama. Mama yako alikuwa anafagia mkeka mmoja. Ulidhani alikuwa mvivu?"

Kaka, aliyekuwa anajifanya hasikii, akageuza uso ukutani. Mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika.

Mimi sikucheka. "Na Sudha?" nikamuuliza.

Hapo Kotha akaacha mzaha. Akaosha mkono wake wa mihogo, akaukausha kwenye nguo, akanishika wangu.

"Fagia pale mama yako alipofagia," akasema. "Mikono yako itakuwa inatimiza neno lako kila siku kama ulivyosema. Kwingine acha. Na likitokea jambo, lolote, lisije kwako wala kwa mtoto. Lije kwangu. Mimi ndiye niliyesema." Akayarudia maneno hayo akiwa amegeukia upande wa kichaka, kwa sauti, asije mtu akasema hakusikia.

Bibi wa miaka themanini, anayeishi na mjukuu mmoja. Alijitia mbele yangu hivyo hivyo, kisha akaomba mihogo mingine.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa Jumanne. Nilifagia mkeka mmoja. Ilichukua muda wa kuchemsha maziwa. Nikasimama na ufagio, jani likaanguka mbele yangu, mkono ukaruka, nikaurudisha. Jani jingine. Nikatoka mbio kama mtu anayekimbia chakula siku ya saumu.

Sudha hupiga simu Ijumaa. Sikutaka kumpigia mimi, angejua kuna jambo. Siku nne zile nilikaa na simu mapajani. Sikumwambia Biyyathu chochote, lakini kila siku baada ya sala ya adhuhuri alikuja na mzigo wake wa usumba, akaketi karibu yangu akisokota, akinieleza maovu ya mbuzi wake, moja baada ya jingine, mpaka jua linapungua. Hakuniuliza. Ijumaa hakwenda hata kwa mwanawe, kule anakokwenda kila Ijumaa.

Simu ikalia. Mkono wangu ulikataa kubonyeza, Biyyathu akanibonyezea.

"Mama! Mihogo ya huku migumu kama kuni, nimechemsha saa mbili nzima. Nifanyeje?"

Nikavuta kamasi.

"Mama? Unalia?"

"Nakuna nazi."

"Kukuna nazi kunaliza nani?"

"Tia chumvi mwisho," nikasema. "Ukitia mwanzo inakataa kuiva." Na Biyyathu akanyakua simu akaanza kumweleza habari za mbuzi.

Masika yaliyofuata kichaka kilikuwa kimebadilika sura. Majani yalifika vifundoni. Kulikuwa na harufu ya giza na tangawizi mwitu, vyura walirudi, na watu waliokuja siku ya sikukuu walinong'ona kwamba kina Malukutty wamechoka, kichaka chao sasa kama nyumba ya mahame. Ilinichoma kidogo. Kaka ndiye aliyewajibu, kwa ukali, kwamba Wenyewe wametandikiwa. Ile miche kumi na miwili, minane iliishi. Mti mkubwa uliangusha tawi zima mwezi wa sita, lenye unene wa mtungi, lakini mwaka ule ulizaa kama ambaye ameambiwa kitu. Shaini alikuja mara tatu. Mara ya tatu kaka alimpa ruhusa ya kuja na kalamu na kupima, bila kuchukua kitu, na Biyyathu akamwambia kwamba mti wa kamba ya nguo ukizaa siku moja, aje achukue anachotaka, kwake yeye hakuna sharti isipokuwa chai.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, baada ya kufagia mkeka wangu, nilichuchumaa kama kawaida. Sikuwa natafuta tena kwa uchungu, ni tabia tu imebaki. Na katikati ya mizizi miwili ya ule mti mkubwa, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliopanda chochote, majani yaliyooza yalikuwa yamenyanyuka kidogo kama kifuniko cha sufuria. Nikayafunua kwa ncha ya kidole. Palikuwa na shingo nyekundu, imekunjika, na maganda ya mbegu bado kichwani kama kofia.

Nikayarudisha majani. Sikumwambia mtu siku tatu. Nilitaka kuutazama peke yangu kwanza. Siku ya pili shingo ilinyooka. Siku ya tatu kofia ikaanguka.

Siku ya nne nilimkuta kaka pale, amepiga magoti kwenye tope na msuli wake mweupe, anachomeka vijiti vinne kuuzunguka, na vijiti vyote ni vya humo humo kichakani.

"Nimeuona mimi kwanza," akasema bila kugeuka.

"Haya, kaka."

"Wewe ungeukanyaga."

"Ningeukanyaga kweli."

Akasogea kidogo kunipisha. Nikachuchumaa kando yake, magoti yetu yote yakilia. Yalikuwa majani mawili tu, hayajafika ukubwa wa ukucha.

"Utaishi?" akaniuliza.

"Sijui. Tuutazame na kesho."

Tukautazama. Sijui ni muda gani. Mpaka Biyyathu akatokeza kichwa juu ya ukuta na kuuliza tumepoteza nini, na sote wawili tukamnyooshea mkono anyamaze.